Biblia ya Union Version ya maandishi makubwa, yenye zipu: miaka 3 nayo na venye imenifunza kuamini pendo la Mungu

Kila Alhamisi kwa ushirika wetu hapa Kawangware, Nairobi, lazima mtu ashike hii Biblia yangu aulize, mama, hii umetoa wapi na ni pesa ngapi, na mimi husema nitawaandikia. Leo stima imepotea tangu saa nne asubuhi, cherehani zote mbili zimenyamaza, wateja wa sare wameambiwa warudi kesho, basi wacha nikae niandike yote, ya Biblia yenyewe na ya venye ilinipata, juu siwezi kutenganisha.

Ni Biblia ya Kiswahili, Union Version, vitabu vyote 66, maandishi makubwa, kava nyeusi laini ya ngozi bandia, zipu inazunguka pande tatu, maneno ya Yesu yamechapwa kwa wino mwekundu, nyuma kuna itifaki fupi, ile orodha ya maneno na mistari yanapopatikana, na ramani. Nililipa Sh1,800 mwezi wa nane 2022 kwa duka moja la vitabu vya Kikristo pale town, ile mitaa ya Tom Mboya. Mama wa kaunta alinifungulia tatu tofauti nisome kwanza kabla nitoe pesa, na hilo nililipenda sana, juu maduka mengi wanakupatia ikiwa imefungwa na plastiki na ukiomba kufungua wanakuangalia kama unataka kuiba.

Nianze na mabaya. Zipu ni dhaifu. Mimi ni fundi wa nguo, zipu nazijua, na hii waliweka ile nyembamba ya begi za watoto wa nasari, miezi minne tu kichwa kikaanza kuteleza kinafunga mbele nyuma kinaachia. Nilibadilisha kichwa nikaweka cha chuma, shilingi ishirini tu, na tangu hapo haijawahi kunisumbua. Karatasi nayo ni nyembamba, ukipiga mstari kwa biro unatokea upande wa pili unaharibu mstari ambao hukuwa umefika bado, kwa hivyo tumia penseli. Na ule wino mwekundu kwa nakala yangu umetoka mwepesi, karibu na pinki, ukisoma usiku kwa tochi ya simu macho yanauma, na hapo ndipo nimekasirika kidogo kwa sababu nani atataka kukosa kuona maneno ya Yesu mwenyewe. Kwa hayo nimepunguza nyota moja kati ya tano. Zile nne zimebaki zimekaa imara na sitazitoa.

Sasa vile nilifika kwa hiyo kaunta.

Mwezi wa tatu mwaka huo wa 2022 tulizika mtoto wetu wa pili. Alikuwa na miezi mitano, ilikuwa nimonia, ilianza Jumatano kama homa ya kawaida na Jumamosi hatukuwa naye. Sitaandika zaidi ya hapo. Nitaandika tu maneno ambayo watu walikuja nayo, juu ndiyo yalinifunga miezi mingi. Walisema kazi ya Mungu haina makosa. Walisema Mungu amempenda zaidi. Najua walisema kwa upole, wengine walikuwa wameketi na mimi usiku kucha na chai wamepika wao, lakini hilo neno kupenda lilinigeuka mdomoni. Nikawa nikisikia kanisani "Mungu anakupenda" nafikiria kimoyomoyo, kama kupenda kwake ni hivyo basi asinipende, anipite.

Na kusema ukweli, hata kabla ya hapo sikuwa namjua Mungu kama mtu wa kupenda. Nililelewa kanisani, nimebatizwa, nimeimba kwaya, lakini picha ilikuwa kichwani ni kama ya mwenye nyumba. Tarehe tano ikipita unatembea polepole kwa korido usisikike, na kila ukirudi jioni unaangalia kwanza mlango kama umepigwa kufuli. Hivyo ndivyo nilikuwa naomba. Mtoto alipoondoka nikasema basi kufuli limepigwa, kuna deni sikulipa, na nikaanza kutafuta ni deni gani. Nikahesabu kila kitu nimewahi kufanya tangu shule.

Ukiwa hivyo unakuwa windo rahisi. Kulikuwa na mhubiri mmoja wa mikutano ya maombi hapa mtaani, simtaji, akaniombea mbele ya watu akasema anaona laana ya ukoo, na ili ikatwe lazima nipande mbegu ya elfu tano. Nilituma. Hiyo ilikuwa pesa ya kitambaa cha sare za muhula wa pili. Nilipomwambia baadaye kwamba bado silali, akasema imani yangu ni ndogo. Kwa hivyo nikabaki na msiba, na deni la kitambaa, na sasa kosa lingine jipya la imani ndogo.

Mama mkwe ndiye Mungu alimtuma, na nasema hivyo nikimaanisha. Alitoka Voi na kibegi kimoja akakaa na sisi mpaka mwezi wa nane. Hakuhubiri. Alikuwa na Biblia yake ya Union Version, nzee, kava imetoka kabisa, Mwanzo inaanzia sura ya nne, na kila usiku baada ya kuosha vyombo alikuwa anaketi kando ya kitanda anasoma kwa sauti, si kwa haraka, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Mimi shuleni tulisoma Biblia ya Kiingereza, kwa simu pia nilikuwa na ile programu ya Kiingereza, nilizoea kupita juu ya mistari kama matangazo. Lakini Kiswahili ndicho nililelewa nacho, ndicho niliimbiwa nacho nikiwa mdogo, na nilipokuwa naimbia mtoto ni hicho hicho. Hakuna pa kujificha.

Usiku wa kwanza alisoma Yohana 11, ya Lazaro. Martha anatoka nje anakutana na Yesu njiani anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Halafu Mariamu anakuja baadaye kidogo, na anasema maneno yale yale. Mama mkwe akaacha kusoma. Akaniambia, "Umewaona hao, mwanangu? Wote wawili wamemwambia usoni. Na hakuna aliyefukuzwa." Akaendelea mpaka mstari wa 35, maneno matatu tu, "Yesu akalia machozi." Akafunga Biblia akazima taa.

Nililala na hiyo. Yesu alikuwa anajua atamfufua Lazaro, dakika chache tu zimebaki, na bado akalia. Kama ni mwenye nyumba amekuja na kufuli, hangelia mlangoni pangu.

Kuna usiku mwingine alinisomea Zaburi ya 88, na kama hujawahi kuisoma nenda uisome ikiwa uko mahali pabaya, juu ile zaburi haina mwisho mzuri, inaanza kwa kilio na neno la mwisho kabisa ni la giza, hakuna "lakini" inayokuja kukuokoa mstari wa mwisho. Nikamuuliza, mama, hii iliwekwaje kwa Biblia? Akasema, iliwekwa kwa ajili yako. Nikalia kama mtoto. Kwa mara ya kwanza nilifikiri, huyu Mungu ameruhusu mtu amwambie hivi na akaiweka kwa kitabu chake ili sisi wengine tupate maneno. Mtu hawezi kufanya hivyo kwa watu ambao hawapendi.

Alipoondoka ilikuwa kama wiki moja baada ya kura, town bado haijajaa. Nilimsindikiza Syokimau kwa treni ya asubuhi, nikarudi na matatu, na badala ya kuunganisha moja kwa moja nyumbani nikashuka town nikatafuta duka mpaka nikapata. Nilijua nikifika kwa nyumba usiku hakutakuwa na mtu wa kunisomea. Maandishi makubwa nilichagua kwa sababu ya macho, kazi ya sindano inayamaliza, lakini siku hizi naambia hata vijana wachukue hayo makubwa, ukisoma kwa sauti macho hayapotei mstari.

Sasa lugha. Wengi wanaogopa Union Version wanasema ni ngumu, na ni kweli ina Kiswahili cha zamani, tafsiri yenyewe nzima ilitoka 1952, Agano Jipya lake likiwa limetangulia 1950, kwa hivyo utakutana na "ungalikuwapo" na "kinginecho" na "Naam". Kama unataka nyepesi kuna Biblia Habari Njema, ni nzuri na ninayo moja ya msichana wangu, na ukiwa Mkatoliki uliza ile yenye vitabu vya Deuterokanoni, vile vya ziada ambavyo havimo kwa hivi 66. Lakini nikuonyeshe kitu. 1 Yohana 4:18, Habari Njema inasema "upendo kamili hufukuza uoga wote." Union Version inasema "pendo lililo kamili huitupa nje hofu, kwa maana hofu ina adhabu." Mimi hiyo ya pili ndiyo ilinishika. Kitu ukikifukuza kinaweza kurudi, mbwa hufukuzwa na anarudi jioni. Kutupa nje ni kama karai la maji machafu, unayamwaga kwa mtaro, hakuna mtu huyafuata. Na hapo pa "hofu ina adhabu" nilikaa siku nyingi sana, juu hiyo ndiyo ilikuwa jina la ugonjwa wangu. Sikuwa tu naogopa. Nilikuwa nangoja kuadhibiwa.

Mistari miwili juu yake, wa 16, kuna hii: "Nasi tumelifahamu pendo alilo nalo Mungu kwetu sisi, na kuliamini." Soma polepole. Tume-li-fahamu. Ku-li-amini. Huyu mtafsiri hakusema upendo hapo, alisema pendo, na pendo linaingia kwa ngeli moja na jiwe na jembe na jina, ni kitu kimoja kizima kina uzito, unaweza kulishika, unaweza kuliweka mezani ukaliangalia. Mimi nilikuwa nimengoja kuhisi kupendwa, joto fulani hivi kifuani kama lile la wakati wa sifa, na halikuwa linakuja, na nikahesabu hiyo kama ushahidi kwamba sipendwi. Kumbe limeandikwa ni la kuaminiwa. Lipo hata kabla sijahisi. Kuanzia hapo nikawa asubuhi kabla sijafungua duka, saa kumi na moja na nusu, chai ikiwa kwa jiko, nasoma huo mstari kwa sauti na nasema, Baba, leo silihisi, lakini naliamini. Siku zingine nilisema nikiwa nimekasirika. Niliendelea kusema.

Na kuna Isaya 49. Huu nitauandika wote juu kwa mama aliyezika, hakuna mwingine: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Maziwa yangu yaliendelea kutoka wiki mbili baada ya mazishi. Usiku nilikuwa naamka saa zake za kunyonya, mwili wenyewe unaniamsha. Kwa hivyo nilipofika hapo nilijua huyu Mungu anaongea juu ya nini, na anasema hata hiyo, hata hiyo niliyonayo mimi, yake inapita.

Mstari unaofuata anasema, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Sisi mafundi, mteja akija na daftari iko mbali, tunaandika vipimo kwa kiganja na biro, kifua 36, kiuno 30, urefu 42, halafu unakimbia kukata kabla jasho halijafuta. Nimewahi kuharibu gauni la harusi la mtu kwa sababu niliosha mikono nikasahau. Siku hiyo nilisoma huo mstari nikiwa na vipimo vya mtoto wa shule kwa kiganja cha kushoto, nikasimama katikati ya duka nikiangalia mkono wangu. Yeye hakuandika na biro. Alichora. Na mikono yenyewe tunajua baadaye ilipitishwa misumari. Mtoto wangu amechorwa hapo, na mimi nimechorwa hapo, na hakuna maji yanafuta.

Kitu kingine kimefanya niishike hii Biblia tofauti ni kujua ilitoka wapi. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na mke wake Rosine akiwa mjamzito. Mwezi wa saba mwaka huo huo Rosine akafa kwa homa, na binti waliyekuwa wamempata akamfuata baada ya siku chache, na kaburi liko huko Mombasa upande wa Nyali hadi leo. Na ni mwaka huo huo alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hakuacha. Baadaye askofu Steere akafanya kazi yake Unguja, Agano Jipya likatoka kwanza, Biblia nzima ikafuata, halafu tafsiri za upande wa Mvita, yaani Mombasa, na za Unguja zikaletwa pamoja ikawa hii ya 1952, ndiyo maana inaitwa Union, yaani muungano. Sijui kilichokuwa moyoni mwa Krapf. Lakini najua mkono uliozika mtoto ulishika kalamu tena, na nikisoma naona ni kitabu kilichoanza kuingia lugha yangu kupitia nyumba yenye msiba kama yangu.

Watu huniuliza kama sasa siogopi tena. Mwaka jana mwezi wa tatu, na huo mwezi kwangu ni mzito kila mwaka, msichana wangu mkubwa alishikwa na homa usiku, saa nane, mwili unachoma. Mikono yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya sweta yake, baba yake akafunga. Tulipanda nduthi sisi watatu tukaenda hospitali, akapimwa, ilikuwa malaria, alikuwa ametoka kwa shosho yake Voi, akatibiwa akapona. Kwa hivyo ndiyo, niliogopa. Lakini nikiwa kwa ile benchi ya kungoja nikagundua kuna sauti haiko. Ile iliyokuwa inaniambia unalipishwa, hii ni ile hesabu yako. Nilingoja isikike, haikusikika. Nilikuwa mama anaogopa tu, na Baba yangu ameketi na mimi. Nikasema kwa midomo ile ya Warumi 8, venye Paulo anaorodhesha vitu ambavyo haviwezi kututenga na upendo wa Mungu, na angalia anaanzia wapi. Angeweza kuanza na kitu kidogo apande polepole. Anaanza na "wala mauti." Cha kwanza kabisa. Anamaliza cha kuogopwa zaidi kwanza, halafu ndiyo anataja hayo mengine.

Nisingetaka mtu anielewe vibaya, kitabu si hirizi, hata ukiiweka chini ya mto bila kufungua haitakufanyia kitu, na kama uko na huzuni nzito ongea na mtu pia, mimi nilikuwa na mama mkwe na baadaye dada mmoja mshauri wa kanisa letu, na walinisaidia sana. Na mtu akikuambia upendo wa Mungu unaingia ukituma pesa, funga simu. Warumi 5:8 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali. Hatukuwa tumetuma kitu.

Kwa wale wanataka kununua, fungua zipu mara kumi hapo hapo dukani kabla ulipe, angalia kama wino mwekundu umekolea vya kutosha, angalia peji hazijaruka, moja niliyofunguliwa siku ile ilikuwa inatoka Amosi inaenda Mika. Soma Zaburi moja kwa sauti hapo kaunta, usione haya.

Mwezi uliopita nilirudi kwa duka lile lile. Jirani yangu wa mlango wa tatu amepoteza mimba ya miezi saba, na tangu arudi hajafungua dirisha. Bei ilikuwa imefika Sh2,200, zipu ni ile ile, kwa hivyo nilibadilisha kichwa kwanza kabla sijampelekea. Sikumwambia kazi ya Mungu haina makosa. Niliosha vyombo vilivyokuwa kwa sinki, nikaketi kando ya kitanda, nikafungua Yohana 11.